Vituo Vinavyopita Dirishani

Ruvu ilipita kabla binti wa kaka yangu hajamaliza kufungua pakiti ya korosho. Nilimgusa bega nikamwonyesha nje, lakini kidole kilipofika kwenye kioo tayari palikuwa na miembe, nyumba mbili za bati na ng'ombe aliyetugeuzia mgongo.

"Nini, Anti?"

"Tumepita Ruvu."

"Ruvu kuna nini?"

Swali la haki kabisa, wala sikuwa na jibu fupi. Ana miaka 11, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya treni, Desemba, shule zimefungwa, tukienda Dodoma kwa bibi yake. Ananiita Anti. Kizazi changu kilisema shangazi, na dada wa baba alikuwa mtu wa kuogopwa kidogo. Siku hizi shangazi, mama mdogo, jirani na mwalimu wa shule ya awali wote ni Anti.

Treni hii ya umeme, ambayo watu wameipa jina la mchongoko kwa ajili ya pua yake, inaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Safari za abiria za reli mpya hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kilomita zipatazo 460 zinakwisha chini ya saa nne. Zamani umbali huohuo ulipimwa kwa usiku mmoja mzima na kipande cha asubuhi yake.

Baba alikuwa gadi wa Shirika la Reli Tanzania, lile lililoundwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na kila nchi ikabaki na mabehewa yake. Tuliishi Dodoma, kwenye kota za reli. Kila Desemba familia ilipata pasi ya kwenda Dar es Salaam kwa wazazi wa mama, na Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, tulirudi. Tuliliita garimoshi, ingawa moshi wenyewe ulikuwa wa dizeli. Liliondoka Dar jioni, na Ruvu ndipo jua lilipozamia. Hapo mama alifungua kapu: chapati zilizofungwa kwa kitambaa, mayai ya kuchemsha, chumvi ndani ya kikaratasi. Hicho ndicho kilichokuwa Ruvu.

Nilimweleza hivyo. Alisikiliza kwa adabu, akatafuna korosho moja, akarudi kwenye simu.

Mara kwa mara njia ya zamani ilijitokeza pembeni. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Vyuma vyake vimeachana mita moja tu, na inapinda kufuata kingo za mito na viuno vya vilima, kama mtu anayetembea gizani akichelea kuwakanyaga waliolala. Njia mpya ina upana wa milimita 1,435 na haimchelei mtu. Penye bonde inapita juu ya nguzo, penye mlima inatoboa. Kwenye vituo vya zamani, vile vyenye paa la vigae na jina lililoandikwa kwenye ubao wa saruji, nyasi zimeota hadi mlangoni.

Upande wa pili wa njia ya kupitia aliketi mzee mwenye kofia ya kitambaa na begi la ngozi lililochakaa pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, na katika dakika kumi tulikuwa tumeshajuana: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anarudi Kongwa kutoka kumwona mjukuu aliyezaliwa Mbagala. Alianza kazi katika ule mkumbo wa UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 ulipofika madarasa yakafurika kabla walimu hawajapatikana. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na semina za mwisho wa juma.

"Nilikuwa na miaka 18," alisema mwalimu. "Nikapewa watoto 80 na chaki mbili. Chaki moja ya wiki hii, moja ya wiki ijayo."

Alicheka mwenyewe. Kisha akahesabu kwa vidole mambo ambayo mtoto wa miaka ile aliyafanya kabla ya kengele ya kwanza: kufagia uwanja, kumwagilia bustani ya shule, mchakamchaka barabarani huku akiimba, halafu paredi ya kukaguliwa kucha na meno. Ndipo aingie darasani kufungua Tujifunze Lugha Yetu, kitabu kimoja kwa watoto watano, aliye katikati akishika na wa pembeni wakisoma kwa ubavu. Mwalimu anadai kuna wanafunzi wake ambao hadi leo husoma gazeti wakiwa wameinamisha shingo kushoto. Hata hivyo nchi ilisoma. Katikati ya miaka ya themanini hesabu za serikali zilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika, na wengi wao walijifunzia chini ya mwembe.

Binti wa kaka yangu alitoa sikio moja kwenye kisikilizio. "Mlikuwa mnaangalia katuni gani?"

Mwalimu akanitazama, nami nikamtazama. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, ila sisi wa bara tuliingojea hadi 1994. Tulichokuwa nacho ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Kulikuwa na Mama na Mwana, sauti ya Deborah Mwenda ikisimulia hadithi, na mtaa mzima wa watoto ukakaa kimya kama kuku walioona mwewe. Kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Kulikuwa na Ahmed Jongo akitangaza mpira kwa namna ambayo mtu aliona vumbi la uwanja ulioko kilomita mia tano. Redio moja ilihudumia nyumba kumi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaangalia redio," alisema mtoto, akarudisha kisikilizio sikioni. Si mbali na ukweli. Tuliiangalia kweli: sanduku la mbao lililovikwa kitambaa cha kufuma, mshale mwekundu ukitetemeka nyuma ya kioo.

Morogoro treni ilisimama, na Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika wingu mpaka mabegani. Hewa ya ubaridi iliingia mlango ulipofunguliwa. Jukwaa lilikuwa safi, lenye kung'aa, lina mlinzi wa kike mwenye kirungu na familia moja iliyokuwa ikipiga picha. Hapakuwa na ndizi.

Ndizi ndizo zilizokuwa Morogoro. Garimoshi lilifika hapa kwenye saa sita usiku, na mtoto aliyelala kitanda cha juu aliamshwa na mstari mrefu wa vibatari vikitembea nje ya dirisha, kila kibatari juu ya ungo, kila ungo juu ya kichwa. Ndizi mbivu, machungwa, maandazi, chai ya rangi ndani ya birika lililofungwa gunia lisipoe. Mikono ilipanda na noti, mikono ilishuka na chenji. Wakati mwingine garimoshi lilianza kuondoka kabla chenji haijarudi, na mchuuzi alikimbia pembeni, ungo kichwani, senti mkononi, mpaka akaifikisha. Nilimsimulia mwalimu hilo kama ushahidi wa uaminifu wa zamani. Akasema yeye alikimbiwa na chenji yake mara tatu palepale Morogoro.

Mji huu ulibeba matumaini mengi ya zama zile. Mwanzoni mwa miaka ya themanini ulikuwa na viwanda vya nguo, turubai, ngozi na viatu. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Ulaya hakikuuza hata jozi moja, uzalishaji wake haukukaribia lengo, na mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Wakati kinajengwa, nusu ya darasa langu lilikuja shule peku, na waliobaki walivaa katambuga za matairi ya lori.

Kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya kwenda Dodoma, ni Dakawa. Hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari Alhamisi ya tarehe 12 Aprili 1984, akitoka bungeni Dodoma. Waliokuwa watoto siku ile hawakumbuki siasa. Wanakumbuka redio iliyobadilika ghafla, muziki wa huzuni, kisha sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe, na watu wazima wakilia mbele ya watoto bila kujificha. Chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro, kilichoanzishwa mwaka huohuo, kinabeba jina lake. Na msiba wa mtu wa kawaida nao ulipita redioni. Matangazo ya vifo yalisomwa majina kwa majina: marehemu, kisha orodha ya ndugu popote walipo, Tunduru, Bukoba, Tanga. Mwanamke angeweza kusikia kifo cha mama yake akiwa anachambua mchele. Majirani waliosikia kabla yake walikuja taratibu, mmoja mmoja, wakajifanya wameomba chumvi, mpaka wawe wengi wa kumshika.

Baada ya Morogoro nchi ilinyooka, mashamba ya mkonge yakapita kwa mistari, kisha vilima vya Kilosa vikaanza kutubana. Handaki la kwanza lilitumeza bila taarifa. Mtandao ukakatika. Mtoto akainua uso, akaangalia huku na huku, akaniona, kama mtu aliyekutana na mwenzake njiani kwa bahati.

"Anti, zamani mlikuwa mnapita hapa pia?"

"Chini kule. Kando ya mto."

Tukatoka kwenye mwanga, na Mkondoa ukaonekana, mwekundu, umejaa. Mto huu na reli ya zamani wana ugomvi wa miaka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa tuta, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe hadi usafiri wa abiria ukasimama kwa miezi. Katika utoto wetu, garimoshi likisimama porini hapa, hakuna aliyeuliza sababu. Watu walishuka wakanyoosha miguu, wanaume wakajadili Simba na Yanga na abiria wa behewa wasilolijua, akina mama wakakoka moto wa mawe matatu. Safari moja tulisimama tangu alfajiri hadi saa nane mchana. Nilijifunza kucheza bao siku ile, kwa kokoto, na askari aliyekuwa anarudi likizo. Katika kumbukumbu zangu hayo mapumziko ni marefu kuliko mwaka mzima uliopita.

Nilikuwa bado namtafuta yule askari kichwani wakati handaki jingine lilipopita, na mtandao ukarudi.

Gulwe, Igandu. Ukijani ukapungua, udongo ukabadilika kuwa wa kahawia iliyopauka, na mibuyu ikasimama mmojammoja mbali na wenzake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kwenye mashamba ya mtama watu walikuwa wamepinda migongo. Mwalimu alifunga begi lake. Tuliagana jukwaani Dodoma, akamshika mtoto mkono na kumuuliza jedwali la nane. Mtoto aliishia nane mara sita. "Mpe jembe," mwalimu aliniambia, akaondoka akicheka.

"Mbukwenyi!" alitusalimu dereva wa bajaji, na kwa salamu hiyo moja ya Kigogo nikajua nimefika. Mengine yote yalitaka kuelezwa upya. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na kwa miaka mingi ulikuwa kama ahadi ya mjomba: hakuna aliyeikana na hakuna aliyeingoja mlangoni. Katika miaka ya themanini Dodoma ilikuwa na Bunge na mikutano mikuu ya chama, wageni wakaja na magari yao, wakala mbuzi wetu, wakarudi Dar. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahama kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini hapa. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Barabara sasa zina njia nne, na kule Mtumba wizara zimejipanga kama wanafunzi wa paredi.

Nilimwomba dereva apite kota za reli. Zipo. Kuta zilezile nene, madirisha yaleyale madogo, ila ule uwanja wa katikati tuliochezea kombolela una magari yaliyoegeshwa na banda la kuchomea vyuma. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ambayo zamani ungesikia kelele za rede hadi stesheni. Watoto wawili tu walikuwa nje, wakisukuma gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Nikafurahi kupita kiasi. "Unataka kupiga picha?" aliuliza mmoja, akasimama tayari, gari limeinuliwa. Lilikuwa la kuuza. Shilingi elfu tano.

Mama ana miaka 78 na anakaa mtaa wa Kikuyu, nyumba aliyoijenga na baba kwa kiinua mgongo. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda ulioota baada ya mvua hizi za kwanza, na kwa ajili ya mjukuu akaagiza chipsi mayai kwa jirani. Nilikula nikisifu. Nikasifu pia zamani, kama wafanyavyo watu waliotoka mbali: jinsi tulivyoshiba kwa kidogo, jinsi mtaa ulivyokuwa mmoja, jinsi siku ilivyokuwa ndefu.

Mama alikunja kanga yake magotini. "Siku yako ndiyo iliyokuwa ndefu," alisema. "Wewe ulikuwa unacheza. Mimi nilikuwa na jiwe."

Binti wa kaka yangu akauliza jiwe gani. Mama akamweleza. Baada ya vita vya Kagera nchi ilifunga mkanda, miezi 18 iliyotangazwa ikawa miaka. Sukari, sabuni, unga, mafuta, vyote vilikuwa kwa foleni ya duka la ushirika, kwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi. Foleni ilianza saa tisa usiku, na kwa kuwa mtu hawezi kusimama huku na kunyonyesha kule, kila mama aliweka jiwe lake mahali pake. Mama alikuwa na jiwe jeusi lenye alama ya chokaa. Asubuhi moja alikuta limerushwa kando, na kilo mbili za sukari zikaenda kwa mwingine. Alimjua ni nani. Walisali kanisa moja miaka thelathini.

"Na unga wa njano je?" alinigeukia. "Ulilia."

Ni kweli. Ulikuwa wa mahindi ya msaada kutoka Marekani, tuliuita yanga kwa rangi ya jezi za klabu, na mimi wa nyumba ya Simba niliukataa siku mbili. Siku ya tatu nikala.

Kisha akauliza nauli ya mchongoko. Nilipomwambia ni zaidi ya shilingi 30,000 kwa mtu mzima, aliinuka bila neno, akaleta kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu. Alizimwaga juu ya mkeka: senti 50 zenye sungura, senti 20 zenye mbuni, senti 10 zenye punda milia na ukingo wa mawimbi, shilingi zenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1984 noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi 100. Ya 500 ilikuja 1989, na ya 1,000 mwaka uliofuata. Tiketi yangu moja ingehitaji noti kubwa mia tatu na zaidi. "Mshahara wa baba yenu wa mwaka," alisema, akapiga hesabu kidogo kwa midomo, "na bado angedaiwa." Mtoto alipanga sungura wote mstari mmoja, akataka kujua kama wanaweza kununua chochote leo. Bibi yake akamwambia wamebakiwa na kazi ya kukaa.

Umeme ulikatika tukiwa bado pale mkekani. Feni ikanyamaza, na simu ya mtoto ilikuwa na asilimia nane. Mama hakuonyesha kusikia. Alifungua mgongo wa redio yake ndogo, akatoa betri nne, akatoka nje na kuzipanga juu ya kipande cha bati penye jua kali, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayeanika mayai.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nazichaji."

Mtoto alinitazama kutafuta msaada. Nilimthibitishia: betri zilizochoka zikipata joto hujikaza kidogo, zikatoa taarifa ya habari na pengine nyimbo mbili baada yake. Hakuamini, lakini alitoka. Aliketi kizingitini, mashavu mikononi, akizitazama.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kivuli cha ukuta kifike kwenye ile ndoo," alisema mama, akaingia jikoni kufuata chai.

Mtoto akakitazama kivuli, akaitazama ndoo. Aligeuka kuhakikisha mlango wa jikoni umefungwa. Halafu akanyoosha mguu taratibu na kuisogeza ndoo kuelekea ukutani.